Salamu Nyuma ya Sikio

Siku Mzee Ambilikile alipomwamkia mkwewe, wanawake waliokuwa jikoni waliacha kumenya ndizi wakatazamana.

Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka. Mambo mengi yamebadilika huko: ukungu wa mlimani unavunwa kwa nguzo na kuwa maji ya bomba, na chai inachumwa na mashine zenye vidole. Lakini Tumpe akisikia mkongojo wa baba mkwe wake, bado hupita mlango wa nyuma. Asubuhi hiyo walikutana ghafla kwenye kona ya nyumba, yeye na beseni lake, mzee na mkongojo wake. Mzee alitaka kusema "loo" tu na kugeuza njia. Badala yake sauti yake, nzito na safi, ilitoka ikasema, "Shikamoo, Mkuu. Nipo tayari kukutumikia. Loo."

Beseni lilianguka. Tumpe alikimbilia migombani, na hakurudi mpaka mumewe alipomfuata.

Basi ndiyo maana Gwamaka, fundi kutoka Mbeya wa Kauli, ile mashine inayomsemea mzee, alikuwa ameketi sebuleni kwa watu wale na mkoba wa kazi mapajani, huku ndugu wa karibu wamejaa kwenye viti mpaka mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita na viatu vilivyojaa tope jekundu. Aliyezungumza alikuwa Anyosisye, mtoto wa kwanza wa mzee na mume wa Tumpe, mtu mpole anayependa kuanza maneno yake kwa kukunja mikono ya shati.

"Fundi, sisi hatukukuita utengeneze," alisema. "Tumekuita uhakikishe tu kwamba mashine ni nzima, ili tukikata shauri itolewe tuwe na amani. Ugonjwa uko kichwani mwa baba. Kila akifungua kinywa, anaanza na shikamoo. Amemwamkia fundi bomba. Amemwamkia Nsekela, binti yangu wa miaka sita, na mtoto akajibu marahaba, sasa angefanyaje? Halafu Jumamosi, baada ya lile la mke wangu, tulikuwa na msiba. Baba akasimama kutoa pole. Akamwamkia marehemu, akamwambia yuko tayari kumtumikia."

Mtu mmoja alicheka puani, kisha akajuta.

"Anasema maneno gani hasa?" Gwamaka aliuliza.

Anyosisye aliyataja yote, mpaka kutumikia.

Maneno hayo Gwamaka aliyajua. Aliyasikia kila asubuhi alipofungua mashine yake ya kazi, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaandika. Pale karakana Mbeya mafundi wote huitana "mkuu". Yeye peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuja mwisho, aliitwa "dogo", na dogo ndiye anayetumwa chapati. Usiku mmoja alikaa akaifundisha mashine yake kumwamkia. Hakuna aliyejua. Ilikuwa raha yake ndogo, ya kitoto, na hata alipokuwa peke yake alipunguza sauti ili asisikiwe na jirani.

Sasa raha hiyo imemwamkia marehemu.

Mzee Ambilikile alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa muda mrefu kabla ya kiharusi kumnyang'anya ulimi, na bado alikaa kama hakimu, mgongo haugusi kiti. Tangu msibani hakuwa amesema neno. Ndugu waliuhesabu ukimya huo kuwa ugonjwa umezidi. Alimtazama Gwamaka kwa muda, na watu walipoona anataka kusema, kila mmoja akaangalia sakafu kama anayejiandaa kwa jambo la aibu.

"Shikamoo, Mkuu. Nipo tayari kukutumikia," ilisema sauti yake. Akafumba macho, akavumilia, akaendelea. "Kijana, wewe ndiye uliyeniwekea kitu hiki. Nina swali moja. Huyu Mkuu ni nani? Mimi sijawahi kumwita mtu Mkuu tangu nizaliwe. Nikiugua akili, nitasema maneno yangu yaliyovurugika. Haya si maneno yangu. Mkuu ni nani?"

Ndugu waligunaguna. Kwao swali hilo lilikuwa ushahidi mwingine kwamba mzee ameondoka. Gwamaka aliona kuwa katika sebule nzima yule mgonjwa ndiye pekee anayefikiri sawasawa, na kwamba jibu liko mdomoni mwake yeye dogo, jibu fupi, la neno moja.

"Sijui, Mzee," alisema. "Ngoja nitazame."

*

Alimwomba mzee wakae varandani, kwenye mwanga. Akamfungia waya laini nyuma ya sikio, penye kovu lililofunika kijisanduku cha ukubwa wa punje ya haragwe. Mzee aligeuza shingo bila kuuliza, jinsi mtu anavyomgeuzia kinyozi. Imani hiyo ilimchoma Gwamaka kuliko ambavyo lawama ingemchoma.

Kauli, kwa asiyeijua, ni kitu chepesi kueleza. Mtu anakusudia neno. Waya ulioko kichwani unalinasa. Kihariri, yaani programu ya kuandikia, kinaliandika. Na maandishi yakikamilika, kipaza kidogo kooni kinayasoma kwa sauti ambayo zamani ilikuwa ya mtu huyo. Lakini maneno yanayotoka kichwani huja yamevunjikavunjika, kwa hiyo kihariri kina msaidizi, programu ndogo iliyopachikwa humo, ambayo kazi yake ni kuyanyoosha. Msaidizi huyu hafanyi kazi peke yake. Kila mzungumzaji anapoanza kusema, msaidizi anafungua ganda la mashine, yaani ule mlango ambapo mtu huandika amri na kupewa jibu, anatoa amri yake, kisha anachukua chochote kilichotoka na kukirudisha kwenye maandishi. Chochote. Hana akili ya kuchagua. Anaamini kwamba kilichotoka mlangoni ndicho alichokiomba.

Na kila ganda, kabla ya kupokea amri, husoma faili la mwanzo: rangi gani zitumike, njia zipi zifupishwe. Fundi akimfungia mtu Kauli huingiza humo faili lake mwenyewe ili mikono yake isipate taabu, kisha akimaliza hulifuta. Ndiyo desturi yao, kama mtu aliyeazima jiko anavyofagia majivu yake. Siku aliyomfungia mzee, miaka miwili iliyopita, faili la Gwamaka lilikuwa na ile salamu, naye alikuwa akiwahi harusi ya binamu yake. Hakufagia.

Kwa miaka miwili haikudhuru, kwa sababu msaidizi wa zamani hakuwa akifungua ganda. Mwezi uliopita wakaja na msaidizi mpya, mwerevu zaidi, na huyu mpya akabisha mlango. Mlango ukamwamkia. Akaibeba salamu pamoja na maneno ya mzee, akavitia vyote kwenye sauti ya hakimu.

Gwamaka alifanya lile ambalo fundi hufanya hata anapokuwa tayari anajua. Alilifungua ganda kwa namna msaidizi anavyolifungua, kimyakimya, bila mtu mbele yake, akaagiza lirudishe neno moja tu, "ndizi". Likarudisha mistari miwili. Wa juu ulikuwa shikamoo yake. Wa chini, ndizi. Akalisogeza kando faili la mwanzo, akajaribu tena. Ndizi peke yake. Akalirudisha, na shikamoo ikarudi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliishona kwa mkono wake.

Tiba yake kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Juu kabisa ya faili unaweka sharti: kabla ya kusema lolote, tazama kama kuna mtu anayesoma, kama hakuna, nyamaza. Gwamaka aliliandika sharti hilo, akajaribu, ikawa sawa. Mkono wake ukasita juu ya mashine. Kulikuwa na haja gani ya kuliacha faili lenyewe? Lina jina lake juu. Akija fundi mwingine ataliona, karakana itajua, na leseni za Kauli hazitolewi mara mbili kwa mtu mmoja.

Akalifuta lote. Akafuta na kumbukumbu ya kulifuta.

"Umeona kitu?" sauti ya mzee iliuliza. Haikuanza na shikamoo. Mzee alishtuka mwenyewe, akagusa koo lake.

"Kuna kitu nimerekebisha, Mzee," Gwamaka alisema huku akizungusha waya. "Mambo madogo ya mashine." Aliusikia uongo wake ukiwa umevaa vizuri, na akaona aibu kwamba ulimpendeza.

*

Mzee alirudi sebuleni akaketi. Watu walisubiri.

"Leo mvua itawahi," alisema. "Nsekela, anua nguo za mama yako."

Basi ilikuwa furaha. Shangazi mmoja alipiga kigelegele, mwingine akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Anyosisye alimshika Gwamaka mikono yote miwili, akaitikisa kama anayepiga pampu ya maji. "Fundi, ndaga fijo. Asante sana. Umemrudishia baba akili yake." Wakamwekea stuli, maji ya kunawa, na bakuli la mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama mpaka zikawa laini, na kipande kikubwa wakamwekea yeye. Wale waliomwita "kijana" alipoingia sasa walimwita "daktari". Tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na alitamani ardhi ipasuke.

Aliyetia mchanga kwenye chakula hicho alikuwa mdogo wake mzee, Andendekisye, mkulima wa chai mwenye sauti ya kukwaruza.

"Tumshukuru Mungu," alisema, "lakini tusijidanganye. Homa ya akili ikiondoka hurudi. Leo amepona, kesho yuko mbele ya watu anamwamkia mchumba wa mjukuu wake. Na yale aliyosema kwa Kauli sheria inayahesabu sawa na kinywa. Ataozesha, atagawa shamba, na hatutajua ni yeye au ni homa. Mimi bado nasema itolewe."

Watu wakaanza kukubali kwa vichwa, mmoja mmoja, kwa huzuni. Ukoo ndio unaoulizwa kwanza kama kichwa kina akili timamu, na ukoo ukisema kwa kauli moja kwamba hakina, kijisanduku hutolewa wiki hiyo hiyo na hakirudishwi. Anyosisye alianza kukunja mikono ya shati.

"Andendekisye amesema sawa," ilisema sauti ya mzee.

Wote wakageuka.

"Nimehukumu watu maisha yangu yote. Sikumhukumu mtu kwa kuwa amepona. Nilimhukumu kwa alilotenda. Mimi nimemwamkia mke wa mwanangu. Nimemwambia niko tayari kumtumikia. Sijui kichwa changu kilikuwa wapi, na hilo ndilo baya zaidi, kwamba sijui. Niliposikia sauti yangu kule msibani niliamua kufunga kinywa mpaka nife. Leo nimefurahi kusema mambo mawili matatu. Yanatosha. Itoeni."

Gwamaka alikuwa na tonge mkononi. Alilitazama. Mzee alikuwa akijihukumu kwa shauri ambalo mshitakiwa wake halisi anakula mbalaga kwenye stuli. Angeweza kumaliza tonge lile, akashukuru, akapanda basi la jioni. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mzee angekaa miaka yake iliyobaki bila sauti, akiamini kwamba aibu ile ilitoka ndani yake mwenyewe, na hilo la pili ndilo lililomfanya Gwamaka alirudishe tonge kwenye bakuli.

"Kauli isitolewe," alisema.

"Kula kwanza, daktari," Anyosisye alimwambia kwa upole.

"Mzee hakuugua. Hajawahi kuugua akili hata siku moja. Ile salamu ni yangu. Niliiandika mimi, kwa ajili ya mashine yangu, nikaisahau ndani ya kichwa chake siku nilipomwekea Kauli."

Andendekisye akatikisa kichwa, macho yamelainika. "Mnaona malezi? Kijana amemwonea mzee huruma, anataka kujitwisha mzigo ili amsitiri. Ndaga, mwanangu. Wazazi wako walikulea." Na watu wakaitikia, ndiyo, walimlea, na mama mmoja akamwongezea nyama.

Gwamaka alijua aibu ya kukosa. Hii ya kukiri na kusifiwa hakuwa ameionja. Aliyemwokoa, kama ni kuokoa, alikuwa hakimu.

"Subirini," ilisema sauti ya mzee. Alikuwa amesogea mbele kidogo kwenye kiti. "Kijana. Nilikuuliza Mkuu ni nani, ukasema hujui."

"Nilisema uongo, Mzee."

"Ushahidi uko wapi?"

"Nimeufuta. Pale varandani, nikiwa nimekushika sikio. Niliufuta ili nisijulikane."

Yule mama akauondoa mkono wake taratibu kutoka kwenye bakuli.

"Kwa hiyo uliyekuwa na ushahidi umeuharibu," alisema mzee, "na sasa unaliomba baraza likuamini kwa mdomo mtupu. Mdomo ambao saa hii hii umetudanganya."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi hujatusaidia."

Kulikuwa na njia moja, na Gwamaka aliijua tangu alipotoka varandani. Ndiyo maana alikuwa ameuweka mkoba nyuma ya miguu yake, mbali na macho. Njia ya mwongo ni fupi. Aliuvuta mkoba, akatoa mashine yake ya kazi, yenye utepe mweusi pembeni. Akaiweka juu ya stuli, kando ya mbalaga. Akapandisha sauti mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata chumbani kwake, akaifungua.

"Shikamoo, Mkuu," ilisema mashine, kwa sauti tamu ya mwanamke kijana. "Nipo tayari kukutumikia."

Sebule nzima ilisikia. Jikoni walisikia. Maneno yalikaa hewani pamoja na harufu ya ndizi.

"Marahaba," alijibu Nsekela kutoka mlangoni, nguo za mama yake zimejaa mikononi, kwa kuwa salamu hiyo alishaizoea.

Hakuna aliyecheka. Gwamaka angependa wacheke. Masikio yake yalikuwa yanawaka, na aliwaona wakimwona: si daktari, wala si mtu mbaya hata, bali kijana mdogo ambaye hukaa peke yake usiku akiamkiwa na chombo alichokinunua.

"Mkuu ni nani?" aliuliza mzee kwa mara ya tatu, polepole, kama mtu anayetaka jibu liandikwe.

"Ni mimi, Mzee."

Anyosisye alikuwa ameacha kukunja mikono ya shati. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kiwiko, mwingine umening'inia. Alimtazama baba yake, akainamisha kichwa. Andendekisye alisafisha koo mara mbili. Hapo hakuna aliyehitaji kuulizwa tena kuhusu kutoa Kauli.

Gwamaka aliinuka kwenye stuli. Hakujua afanye nini na mikono yake, kwa hiyo alifanya lile ambalo mama yake alimfundisha kabla hajajua kusoma. Alikwenda mpaka mbele ya kiti cha pembeni, akainama, akaipeleka mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Ambilikile hakuishika mikono ile. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na kazi nyingine ya kufanya kwanza. Alimtazama mjukuu wake mlangoni, na ukutani nyuma ya mtoto, ukuta wa jikoni, ambapo alijua kwamba Tumpe amesimama upande wa pili anasikiliza bila kuonekana, kama inavyompasa.

"Nsekela," alisema. Sauti ilikuwa yake, nzito na safi, na haikuwa na neno la mtu mwingine ndani yake. "Kamwambie mama yako si mimi niliyemwamkia."

Mtoto akaenda. Walimsikia akiyarudia maneno jikoni, vilevile alivyopewa. Kisha mwanamke alianza kulia, si kwa sauti kubwa, na baada ya hapo wakasikia kisu kikirudi kwenye ndizi.

Gwamaka alikuwa bado ameinama, mikono mbele. Salamu yake haikuwa imejibiwa. Alibaki hivyo, akingoja, wala hakuona kwamba ana haki ya kuharakishiwa.